Mtandao wa Wi-Fi Katika Nyumba ya Ghorofa: Kwa Nini Hauŝiki Chumba cha Juu?

Mtahiniwa, mada ya mawimbi ya sumakuumeme wengi huikariri kama orodha: redio, maikrowevu, infraredi, mwanga na kuendelea. Swali likija kwa sura ya nyumbani, kalamu inasimama. Tazama mfano huu: "Ruta imewekwa sebuleni, chini. Simu inashika mtandao vizuri hadi getini, mita 15. Chumbani juu, mita 4 tu kutoka kwenye ruta, mtandao unakatika. Eleza sababu na upendekeze suluhisho."

Ukijibu "kwa sababu ya umbali" umekosa, maana swali lenyewe limeshakukatalia: getini ni mbali zaidi. Tazama kilichopo njiani. Kuelekea getini wimbi linapita dirishani na hewani. Kuelekea juu linakutana na zege lenye nondo. Zege hunyonya sehemu ya nishati ya wimbi, na chuma cha nondo huakisi sehemu nyingine. Kinachobaki ndicho kinachofika chumbani.

Sasa hesabu. Ruta nyingi za nyumbani hutumia masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz. Kwa kanuni v = fλ, urefu wa wimbi la 2.4 GHz ni:

λ = (3 × 10⁸) ÷ (2.4 × 10⁹) = 0.125 m, yaani sm 12.5.

Kwa 5 GHz utapata sm 6. Usisahau kubadili GHz kuwa Hz kabla ya kugawanya. Alama nyingi hupotelea hapo. Wimbi la 5 GHz lina nafasi ya kubeba data kwa kasi kubwa zaidi, lakini hudhoofika zaidi likipita ukutani au kwenye zege. Kwa hiyo aliye chumba kimoja na ruta achague 5 GHz, na aliye juu ajaribu 2.4 GHz. Hasara ya 2.4 GHz ni msongamano: majirani, Bluetooth na hata jiko la maikrowevu viko hapo hapo. Ndiyo maana hushauriwa kutumia chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani.

Suluhisho la kwanza halina gharama: hamisha ruta. Iweke juu ya rafu, karibu na ngazi, kwa sababu uwazi wa ngazi ndiyo sehemu pekee ya sakafu isiyo na zege. Isikae nyuma ya televisheni wala kando ya tangi la maji. Maji nayo hunyonya mawimbi haya.

Kisha tazama antena. Hapa hata mafundi hupitiwa. Antena ya fimbo iliyosimama wima hutawanya mawimbi pande zote kwa ulalo, lakini kwenye ncha yake hutoa kidogo sana. Chumba kilicho juu yake moja kwa moja ndicho kinachopata haba. Kama ruta ina antena mbili, acha moja wima na ulaze nyingine.

Je, kununua ruta yenye nguvu zaidi kunatosha? Mara nyingi hapana. Mawasiliano ni ya pande mbili: simu nayo lazima ijibu, na nguvu ya kurusha ya simu ni ndogo. Ruta kubwa itaonyesha vijiti vingi kwenye simu yako huku ukurasa haufunguki.

Suluhisho la uhakika ni kupandisha waya wa mtandao hadi ghorofani na kuufunga kwenye kifaa cha pili cha kurushia Wi-Fi. Waya wa kawaida wa shaba unafaa hadi mita 100, hivyo nyumba yoyote ya kuishi inatosheka. Kifaa cha kurudia mawimbi bila waya ni rahisi kufunga, lakini kikipokea na kurusha kwa chaneli ile ile, kasi hushuka kama nusu. Tena kifungwe juu ya ngazi, mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu. Ukikiweka ndani ya chumba kisicho na mtandao, kitarudia nini?

Zoezi

(a) Chaneli 6 ina masafa ya 2.437 GHz katikati yake. Tafuta urefu wa wimbi kwa sentimita.

(b) Baba mwenye nyumba anataka kufungia ruta ndani ya kabati la chuma ili isiibiwe. Mshauri kwa sentensi tatu, ukitumia maneno "kuakisi" na "kunyonya".