Roho na Neno katika Utetezi wa Robert Barclay

Katika mafundisho yetu Wakweka, au Marafiki kama wanavyojiita, hutajwa kwa kupita tu, nao huwekwa katika kundi moja na wale ambao Luther aliwalaumu kwa kujivunia Roho pasipo Neno. Lawama hiyo haikukosa sababu. Mwaka 1656 James Nayler aliingia Bristol juu ya farasi, huku wafuasi wake wakimwimbia kama alivyoimbiwa Bwana alipoingia Yerusalemu. Bunge la Uingereza lilimhukumu kwa kukufuru. Akachapwa viboko, na ulimi wake ukatobolewa kwa chuma cha moto. Ikiwa Roho huongoza kutoka ndani, ni nani atakayeipima sauti hiyo?

Aliyelijibu swali hili kwa utaratibu ni Mskoti Robert Barclay (1648–1690), aliyesoma katika chuo cha Kikatoliki huko Paris kabla ya kujiunga na Marafiki. Utetezi wake, wenye hoja 15, ulitolewa kwa Kilatini huko Amsterdam mwaka 1676, na kwa Kiingereza mwaka 1678. Aliuelekeza kwa Mfalme Charles wa Pili, na bila kumbembeleza akamkumbusha kwamba yeye naye aliwahi kuwa mkimbizi.

Hoja ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi. Maandiko, asema Barclay, si chemchemi yenyewe bali ni tangazo la chemchemi. Kwa hiyo ni kanuni ya pili, chini ya Roho aliyeyatoa. Hata hivyo aongeza jambo ambalo wapinzani wake hulisahau: lolote litendwalo kwa jina la Roho kinyume cha Maandiko lihesabiwe kuwa udanganyifu wa Shetani. Tena awageuzia Wakalvini fundisho lao wenyewe. Ikiwa ni ushuhuda wa Roho moyoni unaotuhakikishia kwamba Maandiko ni Neno la Mungu, basi Roho atangulia. Hoja hii ina nguvu, wala haiondolewi kwa kumwita mtu mzushi.

Jibu la Kilutheri limo katika Kifungu cha 5 cha Ungamo la Augsburg (1530): Roho hutolewa kwa njia ya Neno na Sakramenti, kama kwa vyombo. Hatumweki Roho chini ya kitabu. Twasema tu mahali alipoahidi kupatikana. Barclay, katika hoja ya 12 na ya 13, haoni kwamba maji, mkate na divai ni maagizo ya kudumu. Marafiki wa Kenya, ambao misheni yao ilianza Kaimosi mwaka 1902, wana wachungaji na nyimbo, lakini kwa desturi hawabatizi kwa maji.

Hapo ndipo tunapoachana kweli, na tofauti hiyo huonekana zaidi kando ya kitanda cha mgonjwa. Dhamiri yake ikimshtaki, sisi humwambia: ulibatizwa. Barclay angemwomba anyamaze, aingojee nuru ya Kristo iliyo ndani yake.