Msimu wa Madungu Unakaribia: Afya Ifungashwe Pamoja na Mbegu

Dalili ya mvua ni mawingu. Katika Bonde la Kilombero, mawingu yanapoanza kukusanyika juu ya Milima ya Udzungwa mwishoni mwa mwaka, kaya nyingi za Ifakara na vijiji vya jirani huanza kujiandaa kwa safari isiyo ndefu kwa kilomita, lakini ndefu kwa muda. Majembe hutiwa mipini, mbegu za mpunga huchaguliwa, unga na chumvi hupimwa, na magodoro hufungwa kwa kamba nyuma ya baiskeli. Familia inahamia shambani. Huko itaishi katika dungu au kibanda cha miti na nyasi kwa wiki au miezi kadhaa, ikilima, ikipanda, ikipalilia, ikiamia ndege na hatimaye kuvuna.

Maisha hayo ya msimu yana sababu zake. Uwanda wa mafuriko wa Kilombero, wenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 7,900, uliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Maji yanayoshuka kutoka milimani huacha rutuba ambayo mpunga huipenda. Lakini penye rutuba hiyo si penye makazi. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu karibu na barabara, shule na zahanati, huku mashamba yakibaki mbondeni, katika nyika ya viboko, mamba, tembo na sheshe. Kwa sababu hiyo mkulima wa Kilombero ana nyumba mbili: moja kijijini, yenye jirani, duka na zahanati, na nyingine shambani, yenye mpunga na mbu.

Huduma za afya kwa kawaida huihesabu nyumba ya kwanza tu. Daftari la zahanati huandika jina la kijiji, vyandarua hugawiwa kwa kaya ya kijijini, na tarehe ya kurudi kliniki hupangwa kana kwamba mgonjwa atakuwapo. Pengo hilo ndilo linalopaswa kuzibwa kabla mvua hazijakolea, na kuliziba ni kazi ya pande mbili, familia na mtoa huduma.

Urithi wa Ifakara

Ni vigumu kutaja mji mwingine mdogo wa Afrika Mashariki uliochangia elimu ya malaria kama Ifakara. Maabara ndogo ya utafiti iliyoanzishwa na Waswisi mwaka 1957, chini ya Profesa Rudolf Geigy, ndiyo iliyokua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1996 ulianza katika wilaya za Kilombero na Ulanga mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa, vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kuwa kulala ndani ya vyandarua hivyo kuliongeza kwa asilimia 27 uwezekano wa mtoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka 4 kubaki hai. Chandarua ambacho leo hutolewa katika kliniki nchini kote kina historia yake katika bonde hili.

Watafiti waliwafuata pia wakulima huko mashambani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wakulima hawakuwa wazembe, kwani wengi mno walihama na vyandarua vyao. Tatizo kubwa lilikuwa umbali wa tiba pale homa ilipoingia. Mwaka 2016 wataalamu wa taasisi hiyo walichapisha taarifa ya kazi nyingine: kibanda cha kuhamishika kisichopitisha mbu, kilichobuniwa kwa ajili ya wakulima wa mpunga wanaohamahama. Kazi hizo mbili zinafundisha jambo moja. Mkulima anajua hatari inayomkabili, anachokosa ni kinga na tiba zinazoweza kumfuata anakokwenda.

Mbu wa kijijini na mbu wa shambani

Majaruba yenye maji na jua ni mazalia mazuri ya Anopheles arabiensis, ambaye huuma hata nje ya nyumba na hata kabla watu hawajalala. Anopheles funestus, ambaye hupendelea maji ya kudumu yenye majani, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria bondeni kwa sasa. Dungu halina kuta za kumzuia yeyote kati yao. Aidha, saa za jioni ambazo familia hupika, hula na kuzungumza kando ya moto ni saa ambazo chandarua bado kimekunjwa.

Kwa hiyo maandalizi ya kinga yaanze na hesabu rahisi: watu wangapi watalala shambani, na wangapi watabaki kijijini? Familia yenye chandarua kimoja ikikichukua, bibi na wajukuu wanaosoma hubaki bila kinga. Ikikiacha, mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni hulala wazi. Mjamzito hupewa chandarua anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, na mtoto hupewa anapopata chanjo ya surua. Asiyekwenda kliniki kabla ya kuhama hupoteza fursa hiyo. Chandarua chenye matundu kishonwe kabla ya safari. Huko shambani kitundikwe kwenye nguzo imara, kichomekwe chini ya mkeka au godoro, na watoto waingizwe ndani mapema. Nguo ndefu na mafuta ya kufukuza mbu husaidia kwa saa zile za jioni.

Homa haingoji palizi iishe

Chukulia mtoto wa miaka mitatu anayepata homa siku ya pili ya palizi. Zahanati iko mwendo wa saa kadhaa, njia imejaa maji, na magugu yakiachwa siku tatu mavuno yatapungua. Mzazi humkanda, humpa nusu kidonge kilichobaki msimu uliopita, na kusema, "Tuone kesho." Uamuzi huo hautokani na ukosefu wa upendo. Familia inapima chakula cha mwaka mzima dhidi ya homa ambayo mara nyingi imekwisha kupona yenyewe. Lakini malaria kwa mtoto mdogo inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya siku moja au mbili, na hiyo kesho inaweza kuwa imechelewa.

Kanuni ya kuishika ni hii: mtoto mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24. Dalili za hatari hazisubiri hata saa hizo. Nazo ni kushindwa kunyonya, kula au kunywa; kutapika kila kitu; degedege; kulegea au kupoteza fahamu; kupumua kwa haraka au kwa shida; viganja kuwa vyeupe; na mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi. Akiona hata moja, mzazi aondoke saa ileile.

Familia zenye mashamba ya jirani zipange mapema: nani ana baiskeli au pikipiki, nani ana mtumbwi, simu inashika mtandao mahali gani, na namba ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni ipi. Fedha kidogo ya dharura iwekwe kando, isichanganywe na ya chumvi na mafuta ya taa.

Mtoto akikutwa na malaria isiyo kali, hupewa dawa mseto ya ALu kwa dozi 6 ndani ya siku 3: ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula au maziwa. Mara nyingi homa hushuka kabla dawa haijaisha, na shambani kishawishi cha kuweka akiba ya vidonge vilivyobaki ni kikubwa. Akiba hiyo ni hasara mara mbili: mtoto wa leo hakupona sawasawa, na mgonjwa wa kesho atapata dozi pungufu.

Wenye dawa za kila siku

Hatari ya msimu si malaria peke yake. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, za kifua kikuu, kisukari au shinikizo la damu ahesabu vidonge vyake kabla ya kufunga mzigo, na amweleze mtoa huduma atakuwa mbali kwa muda gani. Mwenye kifafa ana sababu ya ziada, kwani shambani kuna moto wa wazi na maji ya kina, na dawa ikikatika kifafa humwangusha popote. Mjamzito apangiwe ziara zake pamoja na dozi za SP, ambazo huanza katika miezi mitatu ya pili ya ujauzito na hutolewa kwa nafasi isiyopungua mwezi mmoja, isipokuwa kwa anayetumia kotrimoksazoli. Anayekaribia kujifungua abaki karibu na kituo, hata kama mpunga unamwita.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, na choo kichimbwe mbali na chanzo cha maji. Viatu vya mpira vivaliwe. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kifungwe kwa gango kisitikisike, pete na bangili zivuliwe, kisha apelekwe hospitali. Jeraha lisichanjwe wala lisinyonywe, na kiungo kisikazwe kwa kamba.

Kazi ya zahanati kabla ya mvua

Mtoa huduma anaweza kubadilisha mengi kwa maswali mawili. La kwanza liulizwe sasa, kabla ya msimu: "Mtahamia shambani lini, na mtakaa muda gani?" Jibu lake linaongoza tarehe za chanjo, wingi wa dawa kwa anayestahili kupewa za miezi kadhaa, na elimu ya dalili za hatari. La pili liulizwe kwa kila mwenye homa: "Wiki mbili zilizopita ulilala wapi?" Kwa kawaida vimelea vya malaria huchukua siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuleta homa. Aliyeumwa na mbu shambani anaweza kuugulia kijijini, baada ya mavuno, wakati ambapo hakuna anayekumbuka dungu.

Kwa zahanati zilizo karibu na uwanda, huu pia ndio wakati wa kuhakiki akiba ya vipimo vya haraka, ALu, sindano za artesuneti, na artesuneti ya kuwekwa kwenye njia ya haja kubwa kwa mtoto wa chini ya miaka 6 anayesubiri usafiri wa rufaa. Barabara ikikatika, akiba iliyopo ndiyo tiba. Wavuvi nao wasisahaulike. Maji yanapopungua, wao huingia katika madago yao kando ya mto, na maswali yaleyale mawili yanawahusu.

Mpunga una kalenda yake, na hakuna mtaalamu atakayeibadilisha. Kalenda ya kliniki hupangwa na watu, na bado zipo wiki chache za kuipanga upya ili iende sambamba na ile ya shamba. Kaya inayokwenda kliniki wiki hii na kadi za watoto, orodha ya dawa na hesabu ya vyandarua vyake imekwisha kuanza kuulinda msimu wake kabla haijapanda hata punje moja.