Boti ya Mtera huchaguliwa kwa wimbi, si kwa mashine

Jioni hapa Kikuyu, Dodoma, mama anayekaanga perege kando ya barabara hamwulizi mchuuzi samaki wametoka wapi. Hufunua tenga, humwinua samaki mmoja, hufunua shavu kwa kidole gumba na kutazama kama matamvua bado ni mekundu. Yakiwa mekundu, biashara imekwisha. Yakiwa na rangi ya udongo, bei inaanza kuteremka. Jiji la Dodoma halina ziwa, lakini lina Bwawa la Mtera, kusini kwenye barabara ya Iringa, na kila samaki anayefika hapa kutoka kule amebebwa kwanza na chombo fulani juu ya maji.

Chombo hicho ndicho kiini cha biashara yote. Wapo watu wa mjini, watumishi, wenye maduka na wastaafu, wanaoweka akiba zao katika mitumbwi na boti, wakaajiri vijana wa kuvua na kugawana nao mapato. Hesabu zao huanza vizuri, kisha zinaharibika mahali pamoja: wamenunua mashine kubwa na kuifunga kwenye chombo kisichofaa bwawa lile. Makala haya yanawahusu wao, pamoja na mvuvi anayejikusanya ili aache chombo cha kukodi.

Bwawa lenyewe likoje

Mtera ilijengwa miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu, ili kuhifadhi maji ya mtambo wa umeme wa Kidatu ulioko chini zaidi. Mtambo wa Mtera wenyewe, wa megawati 80, ulianza kazi mwaka 1988. Bwawa likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na kufunika zaidi ya kilomita za mraba 600. Kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna mita nane na nusu za maji yanayopanda na kushuka, na kwenye ardhi tambarare kama ile, ufuko huhama mbali sana.

Mnunuzi wa boti ana mambo matatu ya kuzingatia hapo. La kwanza ni upepo. Nyanda hizi hazina misitu ya kuuzuia, na kiangazi upepo wa mchana hulipiga bwawa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maji yenye kina kifupi hayatoi mawimbi marefu ya kupanda na kushuka taratibu. Hutoa mawimbi mafupi, ya wima, yanayofuatana bila kukupa nafasi. La pili ni visiki: miti iliyofunikwa na maji bwawa lilipojaa bado imesimama, mingine ikionekana, mingine ikijificha kidogo tu chini ya uso wa maji. La tatu ni tope. Maji yakipungua, chombo kilichofungwa mwaloni leo kitalazimika kuburutwa kesho.

Umbo kwanza

Wamarekani wana samaki wao wa mchezo aitwaye bass. Boti ya kumvua samaki huyo kwa kawaida huwa pana, ya kimo kifupi na yenye kasi, maana wengi humvua kwenye mabwawa tulivu. Lakini wanaovua Ziwa Erie la kwao, lenye wastani wa kina cha mita 19 tu, walijifunza kwamba boti hiyo ikikutana na wimbi fupi humwaga maji ndani na kumvunja mtu mgongo. Kule huchagua boti ndefu zaidi, futi 20 au 21, yenye uzito wa kutosha na tumbo lililochongoka ili likate wimbi badala ya kulipiga. Somo hilo linatufaa na sisi, ingawa fedha zetu ni tofauti na zao.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, inama utazame tumbo la boti. Tumbo bapa hutulia mtu anapovuta nyavu na huelea kwenye maji ya magoti, lakini wimbi likija husikika kama mlango unaobamizwa. Tumbo lililochongoka sana hukata wimbi vizuri, lakini huyumba likisimama na huhitaji maji mengi zaidi. Kwa Mtera, boti inayofaa ni ile iliyochongoka kwenye omo na kutandaa kuelekea shetri. Omo iwe imeinuka. Kisha pakia watu, nyavu na sanduku la barafu, upime kutoka maji hadi ukingo wa juu. Ukipata shubiri moja tu, chombo hicho ni cha asubuhi yenye utulivu, si cha kurudi nacho saa tisa alasiri.

Mbao, faiba au alumini

Mtumbwi wa mbao una sifa moja isiyo na mpinzani: fundi wake yuko karibu. Ubao ukipasuka kwa kisiki, hung'olewa na kutiwa mwingine. Fundi husokota pamba, huikandamiza kwenye maungio kwa patasi butu na nyundo, pigo dogo dogo, mpaka mlio ubadilike, kisha hufunika kwa lami. Kazi hiyo ya kutia kalafati lazima irudiwe mara kwa mara, na mbao iliyolowa huongezeka uzito. Gharama zake ni ndogo lakini haziishi.

Boti ya faiba ni nyepesi, haiozi na huoshwa kirahisi, jambo lenye maana kwa mtu anayebeba chakula. Adui yake ni kisiki. Ufa wa faiba unahitaji gundi maalumu, mahali pakavu na fundi aliyefundishwa. Tena faiba ikijaa maji huzama, isipokuwa kama mtengenezaji amejaza povu gumu chini ya viti. Uliza swali hilo, na usiridhike na jibu la mdomo. Boti ya alumini hubonyea mahali ambapo faiba ingepasuka, na watu wachache wanaweza kuiburuta kwenye tope, lakini uchomeleaji wake si wa kila karakana.

Mashine baadaye

Mtumbwi mzito wa mbao, wenye urefu wa futi 25 kwenye maji, hauendi zaidi ya kilomita 12 hivi kwa saa. Chombo kinachosukuma maji kwa tumbo lake kina ukomo wa kasi unaotokana na urefu. Ukikifungia mashine kubwa zaidi, shetri huzama, omo hupanda, mafuta huteketea na kasi hubaki pale pale. Mashine ya nguvu za farasi 40 ikifunguliwa yote hunywa zaidi ya lita 15 kwa saa, wakati ya nguvu 15 hunywa chini ya nusu ya hizo. Tofauti hiyo hutoka kwenye mfuko wa mwenye chombo kila siku ya kazi. Mguu wa mashine nao upimwe: huja wa inchi 15 au 20, na mrefu kupita kiasi huchokoza visiki.

Fedha na sheria

Anayetaka mkopo asianzie kwa mkopeshaji wa mtaani. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha uvuvi chenye hesabu safi kina haki ya kuomba. Chombo lazima kisajiliwe na kikatiwe leseni kupitia afisa uvuvi wa halmashauri, na usalama wake unasimamiwa na TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Jaketi la kuokolea maisha kwa kila aliyemo liwekwe kwenye bajeti ya kununulia chombo, pamoja na nyavu na mashine, si kusubiri faida ya kwanza.

Hukumu yangu ni hii. Kwa fedha kidogo, chukua mtumbwi wa mbao uliojengwa vizuri, wenye omo iliyoinuka, na mashine ya nguvu 15. Kwa fedha zaidi, chukua faiba yenye povu chini ya viti, au alumini kama fundi wa kuchomelea yuko karibu. Kabla ya kulipa, safiri hadi Mtera siku ya upepo, panda chombo cha aina unayoitaka baada ya saa nane mchana, na ukae ndani yake mpaka kirudi mwaloni. Vijana utakaowaajiri watapanda chombo hicho kila siku.