Mkaa Usiofuka Moshi Nao Huua

Wapishi wengi wa Garsen huona mkaa ni salama kuliko kuni kwa kuwa haufuki. Hapo ndipo hatari ilipo. Mkaa ukiwaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikishaingia kwenye damu, hushikamana na hemoglobini, inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, na mgonjwa hudhani ana malaria. Kwa mjamzito, gesi hiyo hupita kwenye kondo ikamfikia mtoto.

Sehemu ya mkaa wa kaunti yetu ya Tana River hutokana na mathenge, mti uliopandwa Bura miaka ya 1980 ili wakulima wa mradi wa umwagiliaji wapate kuni, kisha ukavamia malisho. Kuupunguza ni jambo jema. Lakini tanuri la udongo hupoteza nishati nyingi ya mti kabla gunia halijafika barabarani, na wa kwanza kuvuta moshi wake ni mchomaji mwenyewe.

Ilhali Mto Tana, kabla ya kuteremka huku, huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na maji, mvuke wa ardhini, upepo na jua, na laini ya kilovolti 220 iendayo Lamu hupitia Garsen. Mwaka 2019 jopo la kitaifa la mazingira lilifuta kibali cha mtambo wa makaa ya mawe Lamu. Kwa hiyo anayepikia umeme leo hahamishii moshi wake kwa jirani. Sufuria ya presha ya umeme hufungia joto ndani na kujizima yenyewe. Maharagwe hayahitaji tena kukaa motoni saa nyingi. Bei yake ndiyo kikwazo, na ningependa kaunti ilitazame hilo kama suala la afya.

Nyumba isiyo na umeme ipikie nje au ifungue madirisha, na jiko lisilale ndani hata kukiwa na baridi ya mvua. Mtu akizidiwa, mpelekeni nje kwenye hewa safi na kumkimbiza hospitali. Mwambieni daktari kwamba jiko lilikuwa likiwaka ndani, kwa sababu kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hudanganywa na gesi hii, kikaonyesha kwamba damu iko sawa.