Antena iko juu ya paa, shida iko ndani ya nyumba

Mwezi wa Machi 2024, ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano katika nchi yetu, ilikataza matumizi ya Starlink. Mei 2025 ikaipa leseni. Tangu hapo tunaletewa maswali mengi na wachungaji, walimu na wauguzi waliofunga antena, pamoja na wale wenye antena kubwa za VSAT tangu zamani. Swali la kwanza ni lile lile: mbona intaneti ni nzuri alfajiri, na jioni haifungui hata ujumbe mmoja? Mara nyingi kosa haliko angani.

Tuseme kwanza kidogo juu ya anga. Setilaiti za VSAT nyingi ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, zikizunguka sawasawa na dunia. Ndiyo maana antena huelekezwa mara moja na kukazwa hapo. Lakini neno lako linapanda na kushuka, na jibu linapanda na kushuka tena. Hiyo ni karibu nusu sekunde hata pasipo kasoro yoyote. Kwa simu ya sauti, watu wawili huanza kusema pamoja, kisha wote wananyamaza. Setilaiti za Starlink ziko chini sana, karibu kilomita 550, nazo hupita upesi moja baada ya nyingine. Kwa hiyo antena yake inataka kuona anga pana. Mti mmoja wa avoka wa jirani unatosha kukatakata mazungumzo. Mvua kubwa nayo hupunguza nguvu, na hapo hakuna dawa ila kungoja ipite.

Sasa tuingie ndani. Wengi wanafikiri Waifai na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo. Waifai ni njia ya kutoka simu yako mpaka kwenye ruta. Intaneti inaanzia ruta kwenda kwenye antena. Simu inaweza kuonyesha Waifai yenye nguvu kamili na intaneti isiwepo kabisa.

Katika nyumba ya parokia moja tuliyoitembelea, ruta ilikuwa imewekwa katika chumba cha kulala cha mchungaji, kwa sababu ya wezi. Kuta zilikuwa za mawe ya volkano, na ofisi ilikuwa ng'ambo ya ua, chini ya mabati. Mawe mazito na mabati huzuia mawimbi. Tulivuta kebo ya mtandao hadi ofisini (kebo hiyo hufanya kazi vizuri mpaka mita 100) na kuweka pale ruta ya pili. Tulichagua mawimbi ya 2.4 GHz, kwa kuwa yale ya 5 GHz yana mwendo zaidi lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta.

Hata hivyo jioni mambo yalibaki vilevile. Tulipofungua ukurasa wa ruta tukakuta simu 31 zimeunganishwa. Neno la siri alikuwa amepewa kijana mmoja wa kwaya, kwa upendo, na upendo ukaenea. Wengi hawakuwa hata wanatumia simu zao: simu zenyewe zilikuwa zinasasisha programu, zinapeleka picha kwenye hifadhi ya mbali, na WhatsApp inapakua kila video ya kila kundi. Wakati huo mtunza hazina alikuwa ameomba huduma ikatwe, akisema sadaka za washirika zinapotea bure. Na mama mmoja mjane alikuwa anakuja kila Jumamosi jioni kuzungumza na mwanawe aliye ugenini, akirudi nyumbani bila kumsikia.

Tulitengeneza mitandao miwili kwenye ruta ile ile, mmoja wa kazi na mwingine wa wageni wenye mwendo uliopunguzwa, kila mmoja na neno lake jipya la siri. Katika simu za ofisi tulizima upakuaji wa video wa WhatsApp. Haikugharimu hata faranga moja. Jumamosi iliyofuata yule mama alizungumza mpaka batri ya simu ikaisha.

Tukiwa kwenye batri: antena na ruta vikila wati 50 kwa saa kumi, hiyo ni wati-saa 500. Batri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200, lakini ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku itakufa mapema. Kwa hiyo batri moja inatosha kwa shida. Antena nyingine hula zaidi. Soma maandishi kwenye kifaa kabla ya kununua. Usiku zimeni.

Siku intaneti inapokatika, mtandao wa nyumbani bado unaishi kama ruta ina umeme. Printa inachapa. Pale shuleni waliweka programu ya Kiwix kwenye kompyuta moja ya zamani, na wanafunzi wanasoma Wikipedia iliyohifadhiwa humo bila kugusa setilaiti. Kwa maoni yetu hili ndilo lililopaswa kufanywa kwanza.

Neno la siri la mtandao wa kazi sasa liko kwa watu wawili tu, karani na mwalimu anayetunza batri. Si wazee wote waliolifurahia.