Mofolojia ya Kiswahili na Ubunifu wa Vichujio vya Utafutaji: Mfano wa Lucene

Msomaji anayetafuta neno "mkulima" katika hifadhi ya matini ya Kiswahili iliyomo kwenye tarakilishi huenda akakosa kila ukurasa wenye neno "wakulima". Mashine hulinganisha herufi, si maana. Kwayo hayo ni maneno mawili yasiyo na udugu. Makala haya yanaeleza jinsi vijenzi vya kuchanganua matini vinavyobuniwa katika Lucene, na kubainisha kwamba kwa Kiswahili kazi hiyo ni ya mwanaisimu kabla ya kuwa ya mwanaprogramu.

Lucene ni maktaba ya programu huria iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999 na kuingia katika Apache mwaka 2001. Haisomi matini upya kila inapoulizwa, bali hutunga faharasa mapema, ikionyesha kila neno limo katika hati zipi. Kabla ya kuingizwa humo, matini hupitia vijenzi vya aina tatu: kichujio cha herufi, kikata-maneno na vichujio vya maneno. Kila kijenzi hufanya kazi moja na kukikabidhi kinachofuata. Hivyo kimoja chaweza kubadilishwa bila kuvuruga vingine.

Kichujio cha herufi husawazisha maandishi. "Ng'ombe" lenye ritifaa iliyonyooka na lile lenye ritifaa iliyopinda ni maneno tofauti kwa mashine hadi alama hizo zifanywe moja. Kikata-maneno nacho huigawa matini katika maneno.

Mpangilio wa vichujio vya maneno una uzito wake. Kichujio kinachoondoa viunganishi kama "na" kikitangulia kile cha kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, "Na" la mwanzo wa sentensi litaponyoka.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika kutafuta mzizi. Kanuni maarufu ya Martin Porter, iliyochapishwa mwaka 1980, huondoa viambishi tamati vya Kiingereza. Mbinu ya aina hiyo haitoshi kwa kitenzi "hawakumsomea", kwani viambishi awali vinne vingali vimeufunika mzizi "som". Hata hivyo, kuondoa viambishi awali kiholela nako kuna hatari. Kichujio kinachokata "wa-" kitaunganisha "mkulima" na "wakulima" iwapo pia kinakata "m-", lakini kitageuza "wakati" kuwa "kati". Kwa sababu hiyo, Lucene huruhusu kuwepo orodha ya maneno yanayolindwa. Ni nani wa kuiandaa orodha hiyo ila anayezifahamu ngeli?

Aidha, mtafiti wa tenzi anayetafuta "njia" hatapata "ndia" ya Kiamu. Kichujio cha visawe chaweza kuyaweka maneno yote mawili mahali pamoja katika faharasa, bila kuifuta lahaja kwa kuisanifisha.

Hatimaye, swali la mtafutaji sharti lichujwe kwa namna inayowiana na matini yenyewe. La sivyo, mzizi uliomo katika faharasa hautakutana na neno lililoulizwa. Ni dhahiri basi kwamba orodha za viambishi, za maneno yanayolindwa na za visawe vya lahaja ni zao la uchanganuzi wa lugha. Wanafunzi wa Kiswahili wasipoziandaa, sehemu kubwa ya fasihi iliyohifadhiwa itakuwapo bila kuonekana.