Fahamu: Je, Queen ni bendi ya roki ya progresivu?

Roki ya progresivu haipimwi kwa ukali wa gitaa bali kwa namna wimbo unavyosafiri. Anayepanda Kilimanjaro kutokea Marangu huacha migomba na kahawa, akapita msitu wa mvua, kisha vichaka vya baridi, jangwa la mawe na hatimaye barafu. Wimbo wa aina hii nao hubadili mapigo na hali njiani, wala haujali sana kurudi kwenye kiitikio. Kwa kipimo hicho Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, ilifika huko. Albamu ya Queen II (1974) haina upande A na B. Ina Upande Mweupe na Upande Mweusi. “The Prophet's Song” ya 1975 inazidi dakika 8, na katikati ala hunyamaza, zikabaki sauti zikifukuzana. “Bohemian Rhapsody” ya mwaka huohuo haina kiitikio kabisa.

Wapo watakaosema kwamba bendi ya Yes ilitoa “Close to the Edge” mwaka 1972, kipande kimoja cha dakika 18 hivi, ilhali Queen walipenda nyimbo za kuchezwa redioni. Sawa, lakini urefu pekee hautoshi: kuzunguka stendi ya Moshi mara 10 si kupanda mlima. Pingamizi zito ni “Another One Bites the Dust” ya 1980, ambayo imeegemea disko waziwazi. Hapo nasalimu amri: Queen si bendi ya progresivu. Queen II, hata hivyo, ni albamu ya progresivu. Anza na Upande Mweusi.